Taa ya Kupanda Nayo Elgon

Mwenye duka pale Bungoma ananihesabia sifa:
lumeni elfu moja, redio ndani kwa ndani,
king'ora, rangi saba za kuchezacheza.
Mimi nauliza swichi iko wapi.

Nataka niipapase gizani niipate, glavu mkononi,
mvua ya mlimani ikichapa turubai.
Nataka na kulabu, maana mwaka jana
tochi niliishika kwa meno, na Namalwa akasema
naongea kama mbwa aliyebeba mfupa.

Betri ziwe zile nene, za redio ya baba,
zinazopatikana hata Kapsokwony, kioski cha sukari.
Ya kuchaji ni nzuri, sikatai.
Lakini mlima hauna soketi.

"Na mwanga je?" Anaiwasha yote.
Duka zima linakuwa saa sita mchana,
hadi vumbi la kwenye masufuria linaona haya.
Punguza, nasema.
Anapunguza.
Punguza tena.

Inabaki rangi ya chai ya maziwa,
na ndani yake uso wa mwenye duka,
kovu dogo juu ya nyusi
ambalo tangu niingie sikuliona.

Hii, nasema. Sasa tuongee bei.