Daftari la Vipuri

Mimi ndiye mtunza daftari.
Kila kinachong'olewa mwilini mwake nakiandika:
tarehe, namba, kimetoka wapi, kimekwenda wapi,
sahihi ya fundi, na yangu chini yake.
Kwenye safu ya "kitarudi lini"
huu mwaka wa kumi na tisa nachora kistari tu.

Alitua Tehran siku ya theluji.
Abiria walishuka wakinung'unikia chai iliyopoa,
naye hakuruka tena.
Wiki mbili, tuliambiwa, pampu iko njiani.
Na kweli ilikuwa njiani:
ikazuiwa bandari hii, ikarudishwa ile,
makaratasi yake yakasomwa na watu
wasiowahi kusikia injini ikikohoa alfajiri.
Neno lililogongwa muhuri lilikuwa moja: vikwazo.
Nikadhani ni mambo ya mawaziri.

Fundi Manuchehr akaja na spana na haya usoni.
"Tumwazime goti tu. Ndege ya Shiraz inachechemea."
Tukaazima goti.
Baadaye figo, kwa ajili ya Tabriz.
Baadaye kioo cha rubani, mishipa ya mafuta,
viti kumi na viwili vya mbele, hata kengele ya kumwita mhudumu.
Vijana wakamwita Bibi,
na alipopata jina nikaacha kuandika "kimeng'olewa",
nikawa naandika "ametoa".
Kufa kufaana, wanasema.
Lakini Bibi hakuwa amekufa.
Alikuwa anangoja pampu.

Shemeji wa rubani mmoja alikwenda Istanbul harusini,
akarudi na vali mbili ndani ya soksi za mtoto,
bei mara sita, risiti hakuna.
Manuchehr akaigonga ya kwanza kwa ukucha, akatega sikio,
akaiweka mezani taratibu kama yai.
Ya pili akaitupa pipani.
"Bati," akasema. "Bati lililopakwa rangi."
Usiku ule hakula.
Alikuwa anawaza ni ngapi za namna ile
zimeshapita mikononi mwa mafundi wenye masikio mazito kuliko yake.

Kaka yangu Farhang ana lori, Bandar Abbas hadi Yazd.
Ananipigia simu kunicheka:
"Nyinyi mna Bibi mmoja, sisi barabara nzima ni mabibi."
Tairi ameishona kwa waya.
Mzigo nao haba, maana meli zimetia nanga mbali,
hakuna wa kuzikatia bima,
na wapagazi bandarini wanacheza karata juu ya makasha matupu.

Mwaka mmoja redio ilisema vikwazo vinalegezwa.
Tukanunua peremende. Tukamwosha Bibi kwa sabuni ya maji ya waridi.
Nikakesha kuandika orodha ya anavyodai:
vitu mia nne na kumi na viwili.
Kisha redio ikasema vingine.
Orodha ninayo bado. Nyuma yake mwanangu amechora farasi.

Jumatatu mama alifariki Mashhad.
Nikapata kiti karibu na bawa, ndege ya alfajiri.
Wenzangu walisoma dua. Mimi nilisikiliza.
Magurudumu yakakunjwa:
ukurasa wa thelathini na nne, goti, sahihi ya Manuchehr.
Hewa baridi ikapuliza kichwani:
ukurasa wa sitini na moja.
Kisha mluzi mwembamba chini ya sakafu, na huo niliujua,
ni ile vali ya soksi, ya kwanza,
nimeitilia sahihi mwenyewe kalamu ikiniishia wino.

Mama wa kiti cha pili aliona vidole vyangu vimeng'ang'ania mkono wa kiti.
"Unaogopa kuruka, binti?"
Nikamwambia hapana,
nina jamaa yangu humu ndani.
Akaangaza nyuma, akaangaza mbele, asimwone,
akanipa tende.

Dirishani taa za uwanja zilikuwa zinapungua.
Nikakumbuka kwamba jana, kwa haraka ya msiba,
sikumfunika turubai.