Akiba Haiozi

Akiba haiozi, walisema wahenga.
Basi njoo Sib, unuse glavu zangu.
Njoo ufungue huu mkoba, mzito kama godoro la wageni,
ulioniinamisha bega misimu kumi na mmoja
bila kunipa hata kovu moja la mechi.

Golikipa wa pili wa magongo ni miye, Muhunna bin Zahor,
jezi nambari thelathini na mbili.
Mwaka jana nilicheza dakika kumi na nne.
Tisa kati ya hizo mpira ulikuwa upande wa pili
nami nikizungumza na nguzo.

Mama alitoka Wete na miaka tisa,
Kiarabu chake mpaka leo kinachechemea.
Kila Alhamisi, kabla sijavua viatu:
"Leo umecheza?"
"Nilikuwepo, mama."
"Sikukuuliza kama ulikuwepo."

Sasa wamemleta kijana wa Sohar.
Muayyad. Miaka kumi na tisa, miguu mirefu,
ngao zake mpya bado zina harufu ya dukani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tukampigia makofi,
nami nikapiga kwa nguvu kuliko wote.
Makipa ni watatu. Nafasi ni mbili.
Wa kwanza haguswi, ni shemeji wa katibu, na kusema kweli anajua kudaka.
Na kazi yangu ya ghala bandarini inakwenda na jezi:
ikivuliwa hii, na ule mlango unafungwa.

Jana baada ya isha, mashine zikinyunyizia maji nyasi za plastiki,
joto bado limetung'ang'ania kama mdai,
kijana akanijia, kofia ya chuma mkononi.
"Ammi Muhunna,"
(ammi! mie!)
"kwenye kona ya adhabu, mguu wa kushoto nauweka wapi?"

Ulimi wangu ulikuwa na majibu mawili.
La kwanza nililipata benchini, miaka minne
nikitazama mabega ya wapigaji
kama wengine wanavyotazama tamthilia.
La pili lilikuwa fupi zaidi: mbele, juu ya mstari.
Angefungwa matatu Ijumaa,
na hakuna mtu duniani angejua,
na karatasi ya katibu ingelitafuta jina langu.

"Nusu hatua nyuma," nikasema.
"Na mpira usiutazame. Tazama bega."
Akasema shukran. Gari la babake likampigia honi.
Nikabaki pale nikijitukana kwa lugha zote mbili.

Kisha nikamwita Shabbir, mtunza uwanja,
mtu wa Sialkot, huko yanakochongwa magongo yenyewe,
nikamwambia: nipigie mia.
Akapiga kwa ndala zake za bluu,
bila huruma, kama anayedai mshahara wa Ramadhani.
Mpira wa sabini na moja ulinipata shingoni.
Wa themanini na nane, saa nne kamili,
taa za uwanja zikajizima zenyewe.
"Basi, bhai?"
"Imebaki kumi na miwili."

Gizani huoni bega la mtu.
Unasikia gongo linakwaruza maji,
halafu pumzi,
halafu ama ta! kwenye povu la mguu,
ama kimya, na nyavu nyuma yako zinacheka.
Sikuhesabu. Shabbir anasema nilizuia saba.
Shabbir ni muungwana; sema tano.

Nyumbani mama alikuwa macho.
"Leo umecheza?"
Nikashusha ukosi wa fulana.
Akaitazama ile alama muda mrefu,
kama mtu anayesoma risiti akitafuta wamemzidishia wapi.
Akaleta barafu ndani ya kitambaa cha mkate.
Akaziokota glavu, akakunja pua.
"Hizi umezifungia tangu lini?
Kitu cha akiba huanikwa, Muhunna."

Karatasi itabandikwa Jumapili.
Glavu ziko kambani, roshani ya ghorofa ya tatu,
baina ya kanzu yangu ya kazini na shuka la mama,
zinadondosha maji
juu ya gari la jirani.