Mishale ya Penseli

Mihayo, kitabu chako nilikirudisha wiki ile ile.
Nikakwambia mpiga chapa alikuwa amelewa:
sura ya tisa imetangulia ya pili,
mwanamke kazikwa ukurasa wa kumi na nne,
wa arobaini yuko barazani anasukwa nywele,
na ukurasa wa themanini na nane hauna kitu,
mweupe kama sahani ya mgeni asiyefika.
Ukacheka. "Hakuna kilichokosewa, Nyanzala."

Nikasoma kwa hasira, kama ninayechambua mchele wa mawe.
Nikashika penseli: hili kwanza, hili baadaye,
mishale pembezoni, namba juu ya namba
(unisamehe, kitabu ni cha watu).
Hadithi ikanyooka.
Ikanyooka, ikafa.
Kazaliwa, kaolewa, kazikwa. Nikalala mapema.

Kisha usiku ule Isevya nzima haina umeme.
Kule stesheni wanakata mabehewa,
haya ya Mpanda, haya ya Mwanza,
chuma kinagonga chuma, kimya,
halafu tena, mbali zaidi.
Mimi na tochi ya simu, nafunga hesabu za duka:

Sizya, sukari nusu.
Baba Lubango, betri mbili. Kalipa moja.
Sizya, unga wa uji, sabuni ya mtoto.
Sizya, maziwa ya kopo.
Sizya, maziwa ya kopo.

Sizya, shuka jeupe. Asidaiwe.
Baba Lubango, betri moja.
Sizya, sukari robo.

Nikautazama mwandiko wangu.
Nani alinifundisha kuruka mstari pale?
Sikumbuki kuuruka.

Nikatafuta ufutio, mishale yote nikaifuta,
karatasi ikachakaa kidogo, utaona.
Nikaanza upya, nikipokea kinachokuja.
Akizikwa, namzika. Akisukwa, nashika kitana.
Mama yangu naye hajawahi kunijia kwa mpangilio:
leo kikohozi chake, kesho kicheko,
keshokutwa ni msichana sijazaliwa bado
anavuka reli na ndoo ya asali kichwani.

Ila huo wa themanini na nane, sikudanganyi,
kuna siku nauona ni uvivu tu wa mwandishi,
na bei ya kitabu haikupunguzwa.

Asubuhi hii Sizya kapita dukani.
Sukari kilo nzima, kalipa taslimu,
kasimama mlangoni tukateta hadi jua likaingia kaunta.
Daftarini, tarehe ya leo,
hamna kitu.