Daftari la Washarika

Wadi linalopita nyuma ya uzio wetu, hapa Suhar,
tulilijua kama njia ya mbuzi na chupa tupu.
Miaka sita nimefagia vumbi lake kizingitini.
Usiku ule lilikumbuka kuwa ni mto
na halikubisha hodi.

Jumatatu, maji yalipokwisha kuondoka
(yaliondoka polepole, kama mgeni asiyeagwa),
Mghoi alifungua mlango kwa bega.
Matope mpaka magotini. Viti mia na arobaini
vimekumbatiana pembeni mwa madhabahu.
Kinanda kimelala chali, meno nje.
Na friji ya Wafilipino, sijui ilipitaje,
imesimama mimbarini, wima, kana kwamba ina ujumbe.
Tulicheka. Mungu atusamehe, tulicheka kwanza,
ndipo Mghoi akaketi kwenye ngazi akalia.

Hatukuwa na siku za mapumziko; tulikuwa na saa.
Aliyepata mbili Alhamisi usiku, alileta mbili.
Nduwimana alitoka zamu ya bandarini na koleo begani.
Elineema aliomba ruhusa ya kwenda duka la dawa
akarudi na tope kwenye kucha.
Mama mwenye nyumba alizitazama, hakuuliza.
Alhamisi iliyofuata akampa glavu za jikoni,
jozi tatu.

Kuriakose, mzee wa ibada ya Kimalayalam,
alifungua soketi zote, moja moja,
akazipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele.
Na jirani yetu Suud bin Khalfan,
ambaye hakuwahi kuvuka geti letu
wala sisi hatukuwahi kuvuka lake,
alisimama barabarani, pampu juu ya pikapu,
akasema kwa Kiswahili cha mama yake, cha Wete:
"Hivo mtateka kwa makopo hata lini, wanangu?"
Duka lake la mazulia nalo lilikuwa limelowa.
Pampu ilinguruma kwetu siku mbili, ndipo ikaenda kwake.
Nilitaka kumwuliza kwa nini kwetu kwanza.
Sikumwuliza. Tulimsaidia kubeba mazulia,
kila moja zito kama ng'ombe aliyekufa.

Vitabu vya nyimbo tulivianika kwenye kamba za nguo.
Vilikauka vikavimba, havifungiki tena;
hadi leo changu hukaa mdomo wazi
kama mtu aliyekatizwa maneno.

Lakini daftari la washarika lilikuwa limekwisha.
Mimi ndiye karani. Mwandiko ulikuwa wangu.
Majina mia mbili na kumi na moja,
na kila ukurasa sasa ni doa moja la buluu.

Basi Ijumaa ya pili, badala ya mahubiri,
mchungaji alisema: Tuwataje.
Tukaketi sakafuni, tukaanza.
Waliopo ni rahisi. Kisha walioondoka:
Tusajigwe, mkataba ulipokatwa kabla ya Krismasi;
Nafula, aliyerudi Bungoma ndani ya sanduku,
nauli yake tulichanga sisi;
mtoto wa Nduwimana, aliyebatizwa kwa maji ya chupa
kwa sababu bomba lilikuwa kavu siku ile.
Mtu akauliza: na yule mpishi wa meli, wa besi?
Sote tulimkumbuka. Alivyokohoa kabla ya ubeti wa tatu,
shati lake la mistari, ndimu alizogawa mlangoni.
Jina, hakuna.

Tukangoja. Pampu ya Suud, sasa nyumba ya tatu,
ilinguruma nyuma ya ukuta.
Niliandika namba yake, themanini na tatu,
nikaacha nafasi, kisha nikaandika: besi.

Rangi ya kuta tuliyopewa ni kijani cha zahanati.
Hakuna anayeipenda. Tumepaka mara mbili.
Wadi limerudi kuwa njia ya mbuzi,
nami nikifagia vumbi lake kizingitini
siku hizi huliangalia usoni.