Swali la Kumi na Saba

Dada Aganze amepanda ngazi za Kadutu na tableti kwapani,
viatu vimekula udongo mwekundu,
pumzi imemwishia mlangoni pangu.
Nimemfutia kiti, nimesogeza sare za shule,
kola kumi na mbili zinazongoja vifungo.

Ni utafiti wa hospitali, anasema,
watoto wa miaka sita hadi tisa,
wasiotulia, na wenye hofu, na walio vyote viwili.
Majibu ni matatu tu, mama:
kamwe, mara mojamoja, mara nyingi.

Huacha kazi kabla ya kuimaliza?
Mara nyingi. Bidoni iko nusu kule kwenye robineti mpaka sasa.

Huonekana hasikii akisemeshwa?
Mara nyingi. Mwalimu Zihindula ameandika kwa wino mwekundu
kwamba Akonkwa ni mvua juu ya bati:
kelele tupu, ndani haliingii tone.

Hushtuka usingizini?
Dada, na wewe ule usiku wa milio ulilala wapi?
Anainamisha kichwa. Anabonyeza mwenyewe: mara nyingi.

La kumi na saba.
Wewe mzazi, humfokea au humpiga anaposahau?

Kamwe.

Nimelisema haraka, kama mtu akataye uzi kwa meno.
Akonkwa yuko chini ya meza, anapanga vifungo kwa rangi,
vya bluu, vyeupe, kimoja cha shaba.
Mkono wake umesimama.
Hanitazami mimi. Anatazama mwiko ukutani.

Miaka kumi na minne ya cherehani imenifunza hili:
mshono ukijikunja, fundi mchanga hulaumu kitambaa,
hukivuta, hukichoma pasi, hukitukana,
kumbe uzi wa juu umekazwa mno.
Lakini pia, msinibebeshe yote,
ziko nguo zilizotoka kiwandani na utelezi wake;
ulegeze uzi, usilegeze, satini itabaki satini.

Dada, rudi nyuma. La kumi na saba.
Kidole chake kinapapasa kioo. "Mara mojamoja?"
Mara nyingi.
Hasa umeme ukikatika na oda haijaisha.
Hasa pikipiki ikinguruma nje usiku,
halafu ikasimama.

Anaandika. Hakunji uso.
"Hatutafuti wa kufungwa," anasema.
"Hofu ya mama na ya mtoto tunazikuta chini ya bati moja,
ila ipi ilitangulia kuingia,
hata wakubwa wangu bado wanabishana."

Nachukua sindano, niupe mkono kazi.
Nalamba uzi, nausokota, nakosa. Nakosa tena.
Akonkwa anatoka chini ya meza bila kuitwa,
anainyakua, anazuia pumzi.
Mara moja tu, umepita.

Dada Aganze anatafuta kwenye kioo chake
pa kuliandika hilo. Hapana kisanduku.

La kumi na nane: hushindwa kukaza macho kwenye kitu kimoja?

Nageuka nijibu, namkuta amenikazia macho,
si sindano, si mgeni,
ni paji langu la uso, hapa kati ya nyusi,
kama ninavyoyatazama mawingu upande wa Kabare
kabla sijaanika mihogo.
Hapepesi.
Tangu lini ananisoma hivi,
nami nalia kwa majirani kwamba mtoto hajui kusoma?

Nimekaa kimya mpaka tableti ikazimika yenyewe.

Alipoondoka, kola zilikuwa bado kumi na mbili.
Twende tukaichukue ile bidoni, nimemwambia.
Ametangulia mbio, amerudi, ametangulia tena,
amesimama kwenye kila ngazi kuona kama ninakuja.
Mwiko umebaki msumarini.
Kwa siku ngapi, sijui.