Sampuli ya Kumi na Nne

Bomba limetoka mita tisa chini ya malisho ya Oddvar Brekkmo,
limezibwa nta ncha zote mbili.
Nalifungua asubuhi, Trondheim, theluji ikigusa kioo cha maabara.
Udongo unateleza nje mzima, kijivu chenye ubuluu,
wima kama askari siku ya gwaride.

Kazi yangu ni kuuliza jina.
Si jina la shamba, wala la aliyelirithi:
jina ambalo mjenzi akilisoma atajua achimbe au akimbie.

Changarawe hujitaja yenyewe kwenye chekeche la kwanza.
Mchanga huongea ukiusugua karibu na sikio.
Uliobaki naupima kwa meno. Ndiyo, kwa meno;
Ragnfrid aliyenifundisha kazi alilamba kila sampuli,
na hakuna fomu yenye kisanduku cha ulimi wake.
Ukikwaruza, ni unga wa mto.
Ukiteleza kama siagi, ni udongo wa mfinyanzi,
na hapo ndipo maswali huanza.

Nausokota juu ya kioo, uzi wa milimita tatu,
mpaka ukatike. Naandika maji yaliyobaki.
Naudondoshea koni ya chuma: inazama kidogo, inakwama.
Kumbe una nguvu. Ungebeba ghala, ng'ombe arobaini na trekta.

Kisha nauvuruga.
Kijiko kimoja, dakika moja, kikombe cha kawaida,
na yule askari anavua magwanda, anavua mifupa,
anamiminika.
Uji. Uji mwepesi wa kumnywesha mgonjwa.
Koni inazama hadi shingoni, bila sauti.

Udongo uwahi ungali maji, husema wafinyanzi.
Huu ukiwa maji umeshakuwahi wewe.

Ulizaliwa baharini,
barafu iliposaga milima na kumwaga unga wake kwenye maji ya chumvi.
Chembe zikaegemeana, nyumba ya karata, chumvi ikiwa gundi.
Nchi ikainuka, bahari ikarudi nyuma,
mvua ya miaka elfu ikasuuza, tone kwa tone, bila haraka.
Mzee tunamsifu kuwa amekula chumvi nyingi.
Huu uliila, kisha ukanyang'anywa;
ukabaki na umri bila chumvi,
umesimama kwa mazoea tu.

Oddvar alikuja mwenyewe, Alhamisi, samadi kwenye buti.
"Babu alijenga pale juu kabla ya vita," akasema,
"hata kikombe hakijawahi kuanguka kabatini."
Sikubishana. Nikasimamisha kipande mezani, jiwe juu yake. Kikabeba.
Kisha nikaliondoa jiwe, nikakitia kipande bakulini,
nikampa kijiko.
Alikoroga kama anakoroga kahawa, akitazama pembeni,
halafu hakutazama pembeni tena.

Mkewe, Gudlaug, ndiye aliyeona kopo la chumvi
kando ya yai langu la mchana.
Akachota kwa vidole viwili, akanyunyiza, akakoroga yeye,
na ule uji ukajikaza, ukagoma kumwagika.
"Magunia mangapi, basi," akauliza, "kwa mteremko mzima?"
Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

Kwenye fomu, nafasi ya jina ni sentimita nne.
Nimebana maandishi: *wa mfinyanzi, kigeugeu. Usiguswe.*
Neno la mwisho si la kitaalamu. Mkuu wangu ataliona, atalikata.
Ghala litajengwa ng'ambo ya barabara, juu ya mwamba,
gharama mara mbili, na Oddvar ametia sahihi
kwa kalamu iliyokataa mara mbili kutoa wino.

Lakini mlangoni, kofia mkononi, aligeuka:
"Na chini ya kitanda chetu?"

Hatujachimba huko. Hakuna aliyelipia shimo hilo.

Bomba tupu liko rafuni, limeoshwa, limekauka.
Nililibandika lebo jioni ileile:
kumi na tano, Brekkmo, chumba cha kulala,
kina hakijulikani,
jina