Vibanio Kumi

Mwezi wa Juni mji wa Punta Arenas hufunga mapema
kama duka la mtu anayekwepa wadai.
Saa kumi na mbili, giza. Upepo wa mlangobahari
unajaribu mabati, moja moja, lipi limelegea,
nasi tunaingia kwa Edelmira, penye mashine za kufulia,
kila mtu na kapu lake la nguo chafu
na sentensi.

Masharti yamebandikwa juu ya sanduku la sabuni:
hadithi iwe ya siku ambayo bado haijafika;
iwe imekwisha kabla mashine haijaanza kukamua;
isizidi vibanio kumi.
Maana kila neno hubanwa peke yake kwenye kamba,
Edelmira akihesabu kwa sauti kama mpima mchele.
Je, na kichwa cha hadithi?
"Kichwa bila shingo nimekiona wapi?
Kinahesabiwa."
Mshindi hufuliwa bure.

Yerka, nesi wa zamu ya usiku, anaandikia gotini:

*Mgonjwa wa mwisho duniani amepona. Roboti daktari anaomba likizo.*

Tisa. Tunacheka, yeye hacheki.
Likizo yake mwenyewe inaota ukungu tangu mwaka juzi.

Mzee Oyarzún, mchomelea vyuma, vidole vyake
vimesahau penseli; yeye husema tu, akitazama dirishani:

*Tulifika Mirihi. Upepo ulikuwa umetutangulia.*

Vitano! Bado kamba ina nafasi ya shati.

Eleodoro, miaka kumi na mmoja, kwenye daftari la hesabu:

*Niliazima penseli kwangu mimi wa kesho. Sasa ananidai.*

Na mimi, msambazaji wa mitungi ya gesi,
nilikuja na maneno arobaini na tatu.
Nikamwondoa nahodha. Nikaiondoa sayari
pamoja na miezi yake miwili niliyoipenda sana,
nikaondoa vita, nikaondoa mapenzi,
nikavua, nikavua, hadi nikabaki na

*Mvua ilinyesha kwenda juu.*

Edelmira akavitazama vibanio vyangu vinne.
"Hiyo si hadithi," akasema. "Hiyo ilikuwa Jumanne."

Sijui kwa nini narudi kila wiki.
Labda kwa sababu mchana kutwa nabeba vizito
ngazi baada ya ngazi,
na hapa kuna kitu kinachozidi thamani
kadiri unavyokipunguza.

Basi usiku ule, kabla ya kura,
mashine namba nne ikakohoa, ikasimama
na sare za Yerka tumboni, povu limeganda kwenye kioo.
Herufi nyekundu zikapita pale juu, taratibu:

*Mlango umefungwa. Maji hakuna. Subiri.*

Tukanyamaza.
Eleodoro akahesabu kwa vidole. Vitano.
"Ni ya siku ambayo haijafika," akasema.
"Na imekwisha kabla ya kukamua," akasema Oyarzún,
na sauti yake ilikuwa na wivu wa fundi kwa fundi.

Kura tunapiga kwa soksi zisizo na wenza.
Zote zikapanda juu, hata ya Edelmira, ya sufi, yenye tundu.
Sare zikatolewa kwa bisibisi.
Kisha, kwa kuwa sharti ni sharti,
tukamlipa mshindi haki yake:
namba nne ikafuliwa bure, tupu,
haina hata leso.

Tulikaa kwenye benchi, makoti mwilini,
tukitazama kile kidirisha cha duara
kama abiria ambao hawajaambiwa waendako.
Maji safi yalizunguka. Hakuna aliyeongea.
Nje bati moja hatimaye liling'oka, likaenda zake.

Ilipokwisha, mlango ulifunguka wenyewe.
Ndani, soksi moja, yenye joto.
Si yetu.

Edelmira, bila kusema neno,
akanyoosha mkono kwenye kopo la vibanio.